Konokono Ndani ya Sikio

Wageni wa hoteli wanaokuja kuchorwa hina wana tabia moja inayonichosha: wanataka kila mstari uwe na maana. Bibi harusi wa Ukunda hana habari na maana, yeye anataka hina ikolee na idumu mpaka fungate iishe. Lakini mgeni, akishanyoosha mkono tu, anaanza. Hili ua lina maana gani? Na hiki kinachojizungusha je?

Hicho kinachojizungusha mimi ninakiita konokono. Ninaanza na nukta katikati ya kiganja, kisha ninauzungusha mstari kwenda nje, pole pole, bila kuinua mkono, mpaka nifike pale vidole vinapoanzia. Ndio mchoro wangu ninaojulikana nao pale ufukweni Diani. Wenzangu wanaouiga ninawatambua papo hapo, kwa sababu wao huanzia nje wakaingia ndani, na mstari ukifika katikati hukosa nafasi, ukabanana, ukawa doa kama la mchuzi. Ninawaambia, hawasikii.

Siku moja nilimchora mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akifundisha watu kujinyoosha na kuvuta pumzi kwenye bustani ya hoteli. Alikitazama kiganja chake mpaka macho yakamlengalenga, akaniambia kwamba ile ni safari ya roho: inatoka kwa Muumba, inaizunguka dunia, kisha inarejea ilikotoka. Mimi nikamwambia ahsante, usiguse kitu mpaka ikauke. Nilipofika nyumbani nikamsimulia mume wangu, tukacheka hadi tukashika mbavu. Safari ya roho! Mimi mchoro ule nilimwiga konokono aliyekuwa akipanda ukuta wa bafu letu la makuti kule Kikoneni, nilikozaliwa.

Ninayasema haya ili ieleweke kwamba mimi si mtu wa kuona ishara kila ninapotupa jicho. Na yaliyonipata baadaye leo ninaweza kuyasimulia nikicheka. Wakati ule sikucheka, wallahi.

Mwanangu alikuwa na miaka mitatu, msichana, wa kwanza na wakati ule wa pekee. Masika yale alishikwa na homa kali, na sikio moja likatoa usaha. Zahanati walimpa dawa, homa ikashuka, usaha ukakoma. Lakini siku ya homa, mimi nikiwa kazini, mama mkwe alikuwa amemtia mafuta ya nazi ya vuguvugu masikioni. Tunaishi naye ua mmoja, na mtoto yule ni roho yake. Niliporudi nikayaona mafuta yanang'aa shingoni mwa mtoto. Nyongo ikanipanda. Nikaimeza, kwa sababu mimi nilifunzwa adabu, na mama wa mume hakemewi.

Muhula uliofuata tukampeleka shule ya chekechea, hapo hapo Ukunda, karibu na nyumbani. Mwalimu wake alikuwa mama wa bara, mcheshi, watoto wakimpenda kupita kiasi. Wiki haijaisha vizuri akanivuta pembeni nilipokuja kumchukua mwanangu.

"Mum, huyu mtoto ako sawa kweli?"

"Kwa nini, mwalimu?"

"Namuita, hageuki. Namuita tena, wapi! Yeye ako tu hapo chini anachora na kidole. Mimi naona ni kama haskii. Usikae na hii maneno, mpeleke hosi mapema."

Aliyasema kwa huruma, akanishika mkono, na ile huruma yake ndiyo iliyonimaliza. Angenisema vibaya ningemjibu, maana ulimi ninao. Nilimshika mtoto tukaondoka, na njia nzima nilikuwa ninajiuliza jambo moja tu: mwanangu anasikia au hasikii?

Hapo ndipo nilipoanza kumfanyia majaribio. Nilimwendea kwa nyuma akiwa amechutama uani, akimtazama jongoo. Wakati wa mvua ua wetu hujaa majongoo, na yeye mchezo wake ulikuwa kumgusa mmoja kwa kijiti, akangoja ajikunje duara juu ya duara, kisha akangoja tena mpaka ajikunjue. Anaweza kushinda hapo. Nikachukua sufuria na mwiko, nikaligonga lile sufuria nyuma ya kisogo chake, ngwaa! Hakutikisika. Nikakaa pale pale kwenye kinu kilicholala.

Sasa, mtu mwenye akili timamu angekumbuka kwamba jirani yetu ni fundi wa majiko. Kutoka asubuhi mpaka alasiri anagonga mabati, na mtoto yule amezaliwa katika kelele hizo, amenyonya katika kelele hizo, amelala katika kelele hizo. Bati likigongwa kwetu hakuna anayegeuka, hata paka. Lakini hofu ikishaingia, akili inahama nyumba. Mimi nililokuwa ninaliona ni moja tu: nimegonga, hakugeuka.

Baba yake aliporudi akasimama mlangoni. "Mama! Njoo, mama," akamwita, na mtoto akamkimbilia. Mume wangu akanitazama kana kwamba mambo yamekwisha.

"Amekuona umetanua mikono," nikamwambia. "Hajakusikia."

Mimi mwenyewe nilikuwa nikimwita kwa utani wetu wa siku zote, "Mavyaa! Mavyaa wangu!" naye akageuka, nami nikajiambia ameona kivuli changu ukutani. Bibi yake akamwita "Somo yangu, uji tayari," akaenda mbio, nami nikasema amesikia harufu ya uji. Kila dalili njema nilikuwa na jibu lake. Mume wangu akasema nitakuwa wazimu. Nikamwambia heri mimi niwe wazimu kuliko mtoto awe kiziwi.

Mama mkwe alikuwa akishona kawa, na wakati wa dhiki yeye hushona zaidi. Anachukua ukili, ule utepe mrefu wa miyaa iliyosukwa, anaukunja ncha yake iwe kichwa cha kawa, kisha anauzungusha na kuushona ukingo kwa ukingo, duara linapanuka, linapanuka, mpaka linafunika sinia la wali wa watu wote. Kwetu chakula kikiandaliwa hakikosi kawa lake. Nilimtazama akishona nikataka kumpasulia: ni mafuta yako yaliyomharibu mtoto. Sikumwambia. Lakini nadhani aliyaona usoni mwangu, kwa sababu aliinamisha kichwa akaendelea kushona, na siku ile hakunisema hata nilipounguza mchuzi.

Kesho yake yeye ndiye aliyetoa shauri. Hospitali twende, akasema, lakini kwanza mtoto apate kombe. Nikakubali, maana hapo nilipokuwa ningekubali hata kuambiwa nipande mnazi. Mwalimu wa madrasa alichukua sahani nyeupe, akachovya kalamu ya mti katika zafarani, akaanza kuandika aya kutoka ukingoni, huku akiizungusha sahani kidogo kidogo kwa mkono wa pili. Maneno yakaingia ndani duara baada ya duara. Mimi, kwa mazoea ya kazi yangu, nikawa ninangoja yabanane katikati yawe doa. Hayakubanana. Aliandika mpaka nukta ya mwisho, kila herufi imekaa mahali pake. Nikajisikia haya kidogo, mimi niliyekuwa ninawasema wenzangu ufukweni kwamba mstari hauanzii nje.

Akaiosha sahani kwa maji na marashi, maji yakawa ya manjano, mtoto akanywa akalamba midomo na kuomba tena. Mwalimu akacheka. Mama mkwe akasema amin, akarudia amin, na nilipomtazama nikaona macho yamemwiva. Kumbe hakuwa amelala siku kadhaa. Hasira yangu ikapungua kidogo, si yote.

Kliniki ya masikio ilikuwa Msambweni. Mume wangu alikuwa zamu hotelini, basi nilikwenda na mtoto peke yangu. Karani aliponiuliza jina la mgonjwa nikampa kadi aisome mwenyewe, kama ninavyofanya siku zote. Tukaitwa ndani.

Daktari alikuwa bwana wa makamo, mpole, anazungumza Kiswahili cha pwani. Nikamwamkia, nikamweleza yote, homa, usaha, mafuta, shule, sufuria. Akasikiliza. Mtoto alikuwa amekaa sakafuni, kidole kwenye vumbi la kiatu changu, anazungusha mistari yake. Daktari akaichukua kadi, akasimama nyuma ya mtoto, akamwita kwa jina lake. Kimya. Akamwita tena, sauti juu zaidi. Mtoto akaendelea na vumbi lake. Akamwita mara ya tatu, na mimi nikaushika ukingo wa meza, maana chumba kilikuwa kinazunguka.

"Daktari," nikasema, "niambie tu."

"Tulia, dada. Bado sijapima. Huko kulikuwa kumsalimia."

Akamwangalia masikio kwa taa yake ndogo. Kiwambo ni kizima, akasema, usaha haupo, na mafuta ya nazi hayakudhuru kitu, ila asitiwe tena. Basi, nikamuuliza, kama kiwambo ni kizima tatizo liko wapi? Ndipo alipoonyesha picha kubwa ukutani, sikio lililopasuliwa likaonekana ndani. Nikaona tundu, nikaona kiwambo, nikaona vijifupa, na kule mwisho kabisa, ndani ya fuvu, nikamwona konokono wangu.

Ninasema wangu kwa sababu ulikuwa ni mchoro wangu hasa. Nukta katikati, mstari unatoka nje ukizunguka, unapanuka taratibu. Ningeweza kuuchora nimefumba macho.

"Hiki ni nini?"

"Hicho kina jina la kizungu refu," akasema, "lakini ukikiita konokono hujakosea. Hapo ndipo tunaposikilia. Sauti inaingia, inazunguka humo ndani, na humo mna vinyweleo vidogo mno vinavyoipokea na kuipeleka kwenye ubongo. Mtoto anazaliwa nacho kimeshakamilika, ukubwa wake ndio huo huo mpaka uzeeni."

"Na vile vinyweleo?"

"Vikifa havioti tena. Ndiyo maana tunapima."

Nilikaa. Siku aliyozaliwa, baba yake alimpakata akamwadhinia katika sikio la kulia, polepole, machozi yakimtoka. Maneno ya kwanza kabisa aliyopewa duniani yalipita mle, katika kile kikonokono, kilichokuwa tayari kimekamilika kikimngoja. Sikuwahi kuliwaza jambo hilo. Miaka yote nimekuwa nikiwachora watu viganjani kitu ambacho kila mmoja wao amekibeba kichwani, nikawajibu kwamba hakina maana. Nikamwomba Mungu pale pale, kwa maneno ya kawaida tu: usiniulie vinyweleo vya mwanangu.

Daktari akamvika mtoto vile vya kusikilizia, vikubwa kuliko kichwa chake, akampa kopo na shanga. Akamfundisha kwa vitendo: ukisikia mlio, tia ushanga mmoja. Mtoto akamtazama kwa makini. Mlio wa kwanza ulikuwa mkubwa, hata mimi niliusikia ukipenya nje. Ushanga ukaanguka koponi, ting! Nikajikuta nimesimama.

"Kaa, dada, usimtie wasiwasi."

Nikakaa. Akapunguza sauti. Ting. Akapunguza tena. Ting. Nikawa sisikii chochote mimi, ninaona tu kidole cha daktari kikibonyeza na mkono wa mwanangu ukienda koponi. Akahamia sikio la pili, lile lililotoa usaha. Ting. Kuna mara mtoto alitulia, ushanga umening'inia hewani, nami nikasema moyoni basi, limefika. Kumbe daktari hakuwa amebonyeza kitu, alikuwa akimtega. Alipobonyeza, ting.

Akamvua vile vitu, akamsugua kichwa. "Huyu anasikia kuliko mimi na wewe," akasema. "Yote mawili, salama salimini."

Nililia. Sina aibu kusema. Nililia kwa sauti mpaka muuguzi akachungulia mlangoni, na mwanangu akanijia akanifuta uso kwa mikono yake yenye vumbi. Nilihisi mwili mzima unalegea, mabega, shingo, mpaka taya, kumbe siku zile zote nilikuwa nimeuma meno.

Daktari akangoja nimalize. Kisha akakunja nyusi. "Sasa mimi nina swali. Mbona nilipomwita hakugeuka? Nyumbani mnamwitaje?"

"Mimi ninamwita Mavyaa."

"Mavyaa? Mama mkwe?"

"Ni utani wetu. Amepewa jina la mama wa mume wangu."

"Na baba yake?"

"Baba yake anamwita Mama. Atamwitaje mamake kwa jina?"

"Na huyo bibi mwenyewe?"

"Bibi anamwita Somo. Si wajina wake?"

Daktari akaiweka kalamu mezani. Naona kicheko kilikuwa kinamjia akikizuia kwa heshima. "Na hili jina la kwenye kadi, dada, anaitwa na nani?"

Nikapita kichwani nyumba nzima, mashemeji, wifi zangu, majirani. Wakubwa wanamwita Bibi kwa kumtania, watoto wanamwita Bi Mdogo. Mimi sijawahi kulitamka jina lile tangu niolewe, wala sikudhani kuna siku nitalitamka. Mtoto wa watu amepewa jina, limeandikwa kwenye kadi, na sisi sote kwa adabu zetu tumeliweka juu kabatini kama vyombo vya wageni. Mwalimu wa watu alikuwa akimwita mtoto ambaye mwanangu hamjui.

"Hakuna," nikasema.

Hapo daktari akashindwa. Akacheka mpaka akavua miwani, nami nikacheka, machozi bado yapo, na mtoto akacheka kwa kuwa sisi tunacheka. Akaandika kwenye kadi kwamba mtoto ni mzima. Dawa yake, akasema, ni kwamba nyumbani kwenu apatikane mmoja wa kumwita.

Tuliporudi Ukunda, mama mkwe alikuwa amesimama nje ya ua akitungoja, leso imeteleza kichwani, yeye ambaye hatoki nje hivyo. Kabla sijafika nikampungia mkono, nikapiga kelele, "Anasikia, mama! Anasikia!" Akakaa chini pale pale barazani kwa jirani. Nilipomfikia nikamwambia na la pili, bila kuulizwa: "Na mafuta hayakumdhuru kitu." Akanishika kifundo cha mkono, akakibana. Nilifurahi kwamba nilimwambia.

Tulipoingia ndani nikamsimulia habari ya jina. Nilidhani atacheka. Alicheka kidogo tu.

"Basi muite," akasema.

"Nani?"

"Mtoto. Muite kwa jina lake."

"Mama! Mimi? Siwezi, mama. Si adabu."

"Adabu gani, nawe! Kesho ataitwa shuleni, ataitwa hospitali, ataitwa siku ya kuolewa, akae tu kama gogo kwa sababu ya adabu zako? Mimi ndiye mwenye jina, na mimi nimekupa ruhusa. Ita."

Mtoto alikuwa uani, ametupa mgongo. Nikasimama mlangoni. Ulimi ulikuwa mzito, ninakiri, na uso uliniwaka kama mtu anayetaka kutukana mbele ya wazee. Nikalitamka. Lilitoka dogo, limekwaruza. Mtoto hakugeuka.

"Abee," ikaitika sauti nyuma yangu.

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa ameweka mkono kifuani, na naona hata yeye alikuwa amejishtukia. Aliitika kama msichana anayeitwa kutoka jikoni.

"Waliokuwa wakiniita hivyo ni mama na dada yangu," akasema. "Wote wametangulia mbele ya haki. Tangu hapo mimi ni Mama, ni Bibi, ni Shangazi." Akajifuta pua kwa upindo wa leso. "Hebu ita tena."

Nikaita tena, sasa kwa sauti ya kufika uani.

"Abee!" akaitika, macho yake kwa mjukuu wake.

Mtoto akainua kichwa. Akamtazama bibi yake, akanitazama mimi, akafikiri. Kisha akasimama na mikono yake michafu, akasema naye, kwa nguvu zake zote, "Abee!"

Nikaita mpaka koo likanikauka, na kila nilipoita waliitika wote wawili.